Dawa ya choo: Mdogo ananyimwa, dada yake anazidisha

Mtoto wa miaka minne leo ni siku ya tano hajapata choo. Akibanwa anajificha nyuma ya mlango, anakaza miguu, uso unamwiva, kisha anarudi kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Jioni chupi yake ina madoa ya choo chepesi. Mama anadhani anaharisha. Shangazi anasema ni minyoo. Bibi ana jibu lake la miaka yote: apewe haluli, tumbo lisafishwe.

Katika nyumba hiyohiyo anaweza kuwapo dada yake wa miaka 16 anayekunywa kikombe cha chai ya kupunguza tumbo kila usiku, na siku akila chipsi anaongezea vidonge vitatu vinne vya kulainisha choo. Huyu hakuna anayemuuliza kitu. Anaonekana ni msichana anayejipenda.

Dawa wanazotumia watoto hawa wawili ni za ukoo mmoja. Ajabu ni kwamba wazazi wengi tunaziogopa pale mtoto mdogo anapozihitaji kwa miezi, na tunazichukulia poa pale binti anapozimeza bila kuwa na shida ya choo. Tuanze na mdogo.

Madoa yale si kuharisha

Kufunga choo kwa mtoto mara nyingi hakuna ugonjwa mkubwa nyuma yake. Huanza na choo kimoja kigumu kilichomuuma. Mtoto anakumbuka yale maumivu, na safari inayofuata anabana. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji, kwa hiyo choo kikikaa humo kinazidi kukauka na kuwa kikubwa. Kikija kutoka kinauma kuliko cha kwanza, na mtoto anaona alikuwa na haki ya kuogopa.

Nyakati tatu ndizo zinazoleta shida hii zaidi: anapoanza kula vyakula baada ya miezi sita, anapofundishwa kukaa kwenye poti, na anapoanza shule. Hii ya shule tunaisahau. Mtoto anayepanda basi alfajiri na kurudi jioni anatakiwa apate choo wakati gani? Muulize mwanao mambo matatu: choo cha shule kina mlango unaofungika? Maji yapo? Mwalimu anakuruhusu kutoka ukiomba? Majibu yake yanaweza kukueleza mengi kuliko vipimo.

Mzigo ukijaa kwa wiki kadhaa, njia ya haja kubwa inatanuka na ile hisia ya kubanwa inafifia. Choo laini kinachotoka juu kinapita pembeni ya mzigo na kuvuja bila mtoto kujua. Hayo ndiyo madoa ya jioni. Mtoto huyu akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, hali inakuwa mbaya zaidi. Akichapwa kwa kujichafua, anaonewa, kwa sababu hana uwezo wa kuzuia kitu asichokihisi.

Wataalamu huangalia dalili hizi: kupata choo mara mbili au pungufu kwa wiki, kuchafua nguo wakati alishazoea kwenda chooni, kubana, kulia kwa maumivu, na choo kikubwa kupita kiasi. Zikiwapo mbili au zaidi kwa muda wa mwezi mmoja, hilo ni tatizo la kutibiwa. Usisubiri liishe lenyewe. Kwa mtoto mchanga hesabu ni tofauti. Anayenyonya maziwa ya mama pekee, baada ya wiki sita hivi za kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na shida yoyote. Ilimradi anakua, ananyonya vizuri na kikija kinakuja laini, mwache. Usimpe maji, na asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Kuna hali ambazo hazisubiri: mtoto aliyechelewa zaidi ya saa 48 kutoa kile choo cheusi cha kwanza baada ya kuzaliwa, anayetapika matapishi ya kijani, mwenye tumbo lililovimba na kukaza, anayetoa choo chenye damu, anayepungua uzito, au ambaye miguu imekosa nguvu. Huyo ni wa hospitali, leo hii.

Papai ni zuri, lakini

Ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni papai, maji na mboga za majani. Ni ushauri mzuri kwa mtoto ambaye choo kimeanza tu kuwa kigumu. Kwa yule mwenye mzigo wa wiki tatu, chakula peke yake hakitoshi. Mwongozo wa Uingereza wa kutibu watoto wenye shida hii, uliotolewa mwaka 2010, unasema wazi kwamba tiba isianze kwa kubadili chakula peke yake, na dawa inayopewa nafasi ya kwanza ni makrogoli, unga unaochanganywa na maji. Nyingine ni laktulosi, sharubati tamu inayojulikana zaidi katika maduka yetu ya dawa.

Hizi mbili zinafanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya choo ili kisikauke. Hazikamui utumbo. Laktulosi inaweza kuchukua hadi siku mbili kabla hujaona kitu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: dozi moja usiku, asubuhi kimya, mchana mtoto ameshapewa dawa nyingine kali zaidi juu yake.

Kosa jingine linakuja baada ya mafanikio. Mtoto amepata choo laini siku nne mfululizo, mama anafurahi, chupa inarudi kabatini. Wiki mbili baadaye wamerudi walikoanzia. Ule utumbo uliotanuka unahitaji muda kurudi katika hali yake, na mtoto anahitaji muda kusahau maumivu. Kwa kawaida dawa inaendelea kwa wiki nyingi baada ya choo kuwa cha kawaida, mara nyingi miezi, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Kwa mtoto mwenye mzigo, daktari anaweza kuanza na dozi kubwa zaidi ya kuusafisha kwanza. Dozi hiyo haipangwi na jirani.

“Hataizoea?” Hilo ndilo swali la kila mzazi. Dawa za kundi hili, zikitolewa kwa kiasi kilichopangwa, haziufanyi utumbo kuwa mvivu. Kinachoudhoofisha ni ule mzigo unaoachwa ndani ukiutanua.

Kundi la pili ni la dawa zinazousukuma utumbo ujikamue: vidonge vya bisakodili, sanamaki, na mafuta ya nyonyo. Nazo zina kazi yake hospitalini na kwa watu wazima, kwa siku chache. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 zisitumike bila daktari. Haluli nayo ni chumvi ya magnesiamu, na mtoto mdogo, hasa mwenye figo dhaifu, akipewa kwa kukadiria kwa kijiko anaweza kubaki na magnesiamu nyingi mwilini kuliko anayoweza kuitoa. Kipande cha sabuni kinachopenyezwa njia ya haja kubwa, au maji ya sabuni, kinachubua na kuunguza ngozi laini ya ndani. Ndiyo, mtoto atapata choo. Pia atakuwa na sababu mpya ya kuogopa.

Na bibi tumheshimu, lakini tumweleze: dawa za minyoo za siku hizi hazihitaji haluli baada yake. Albendazo na mebendazo zinafanya kazi bila mtoto kuharishwa. Hakuna pia sababu ya kitabibu ya kuwasafisha tumbo watoto wazima wa afya kila mwisho wa mwezi au kila likizo ikianza.

Dawa inakwenda pamoja na ratiba. Baada ya kula, utumbo mpana huamka wenyewe. Ndiyo maana watu wengi hubanwa baada ya chai ya asubuhi. Mkalishe mtoto dakika tano hadi kumi baada ya mlo, bila haraka na bila ukali. Kama ni choo cha kukaa, muwekee kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri, ila tundu likiwa kubwa mtoto mdogo anaogopa kutumbukia; mpe poti. Msifu kwa kukaa, hata asipotoa kitu. Jikoni, dona badala ya sembe, maharage, mchicha au matembele, embe, papai, juisi ya ukwaju isiyojaa sukari. Na angalia maziwa ya ng'ombe: anayekunywa zaidi ya nusu lita kwa siku mara nyingi anakuwa ameshiba, na hivyo vyakula vyenye nyuzinyuzi havigusi.

Chai ya kukata tumbo

Sasa tuje kwa dada. Chai na vidonge vya “kukata kitambi” vinauzwa kwenye simu hizihizi tunazosoma gazeti, kwa picha za kabla na baada. Geuza boksi usome vilivyomo. Likiandikwa “senna” au “Cassia angustifolia”, hiyo ni sanamaki, dawa ya kuharisha, iliyovalishwa nguo ya chai. Kama boksi halina maelezo ya vilivyomo, hiyo ni sababu tosha ya kutoinywa.

Binti anaamini kwamba chakula kikitoka haraka hakitamnenepesha. Anachoamini hakipo. Chakula kinasagwa na kunyonywa katika utumbo mwembamba. Dawa hizi zinafanya kazi yake kubwa katika utumbo mpana, baada ya wanga, mafuta na protini kuwa vimeshaingia mwilini. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa wanawake waliokunywa dawa za kuharisha. Waliharisha lita nne hadi sita, na bado nguvu ya chakula waliyoikosa ilikuwa kama asilimia 12 tu. Kile kilo kimoja au viwili anavyoviona vimepungua kwenye mizani ni maji. Akinywa maji vinarudi.

Vinaporudi, anameza zaidi. Vidonge viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa kumi, na utumbo uliozoea kukamuliwa unakataa kufanya kazi bila dawa. Hapo anafunga choo kwelikweli, na sasa ana sababu ya kweli ya kununua boksi jingine.

Hasara kubwa haionekani chooni. Pamoja na maji, mwili unapoteza potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji ili ijikaze na kulegea vizuri. Moyo ni msuli. Potasiamu ikishuka, miguu inakosa nguvu, misuli inakaza usiku, mapigo ya moyo yanaruka mpangilio, na yanaweza kusimama. Figo nazo zinaumia kwa kukaukiwa maji mara kwa mara. Haya yanaweza kumpata msichana ambaye kwa kumtazama hana dalili yoyote ya kukonda.

Si ugonjwa wa Wazungu

Matatizo ya ulaji ni ugonjwa wa akili unaougusa mwili wote. Katika anoreksia mtu anajinyima hadi kukonda vibaya na bado anajiona mnene. Katika bulimia anakula kwa wingi bila kuweza kujizuia, kisha anajitapisha, anameza dawa za kuharisha au anafunga. Gerald Russell, daktari wa London, ndiye aliyeielezea bulimia mwaka 1979, na tangu hapo dawa za kuharisha zimo kwenye orodha ya dalili zake.

Nitasikia mtu akisema hayo ni ya kwao, huku kwetu mwanamke akinenepa anasifiwa. Fiji nako walisema hivyo. Ni jamii ya visiwani iliyopenda miili mikubwa na kula kwa pamoja. Televisheni ilifika katika eneo moja huko mwaka 1995. Anne Becker wa Marekani aliwapima wasichana wa shule mwaka huo na tena mwaka 1998. Wanaojitapisha ili wapungue walipanda kutoka sifuri hadi asilimia 11.3. Utafiti wa baadaye ukaonyesha jambo linalotuhusu moja kwa moja: kulikuwa na wasichana waliotumia mitishamba ya asili ya kuharisha, ile ya nyumbani, na walikuwa na dhiki ileile ya wanaojitapisha. Utafiti mwingine kuhusu wanawake wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, nao ulihusisha ulaji uliovurugika na kutazama vyombo vya habari vya nje. Hiyo ilikuwa kabla ya simu zenye kamera kuingia kila chumba.

Kuna takwimu moja ya mwaka 2020 kutoka Marekani ambayo mzazi aikumbuke. Wasichana na wanawake vijana waliotumia dawa za kuharisha ili kupungua, huku hawana ugonjwa wa ulaji, walikuwa na uwezekano wa karibu mara sita zaidi wa kukutwa na ugonjwa huo katika miaka michache iliyofuata, kuliko wasiotumia. Haina maana kwamba kikombe kimoja cha chai ndicho kinacholeta ugonjwa. Ina maana kwamba kikombe hicho ni ishara ya kutazama kwa makini.

Mwezi Agosti mwaka huo Uingereza ilibana uuzaji wa dawa za kukamua utumbo: madukani ziuzwe kwenye boksi dogo la vidonge visivyozidi 20 kwa watu wazima tu, na karatasi ya ndani iseme kwamba hazisaidii kupunguza uzito. Kwetu msichana anaweza kuzunguka maduka matatu ya dawa katika mtaa mmoja na akatoka na boksi tatu.

Unachoweza kukiona

Maboksi matupu chini ya godoro au kwenye mkoba wa shule. Kukaa chooni muda mrefu, hasa usiku na alfajiri. Hela ya matumizi inayoisha haraka. Kujipima uzito kila siku. Kula kidogo mezani huku chakula kikipotea jikoni. Kulalamika kizunguzungu na baridi. Hedhi iliyokosa mpangilio au kukatika. Wavulana wamo pia, hasa wanaopunguza uzito kwa ajili ya ndondi au mpira, na wao wanaulizwa hata kidogo kuliko dada zao.

Tazama na maneno ya nyumbani. “We, umenenepa!” kwetu ni salamu, na shangazi anayeitoa sebuleni mbele ya wageni anaona anamfurahisha mtoto. Msichana wa miaka 15 anaondoka nayo hadi kitandani. Ni wajibu wa mama au baba kumwambia shangazi pembeni kwamba mwili wa mtoto si mada ya sebuleni. Tena watoto wanatuona sisi wenyewe tukishindia chai ya sanamaki wiki mbili kabla ya sherehe ili nguo ya kitenge itukae.

Ukigundua, usimwage vidonge chooni huku ukipiga kelele. Atanunua vingine na ataficha vizuri zaidi. Mtafute mkiwa wawili, bila wadogo zake. Unaweza kuanza hivi: “Mwanangu, nimeliona boksi hili mara ya tatu sasa. Sijaja kukugombeza. Nataka kujua unajisikiaje, na nataka twende tukapimwe damu.” Kisha nyamaza umsikilize. Akilia, mwache alie. Akikataa siku hiyo, rudi tena kesho kutwa.

Kuna jambo moja la kumwambia kabla hajaacha, kwa sababu asipojua litamrudisha kwenye dawa. Mwili uliokauka kwa miezi ukiachwa kuharishwa unashika maji. Miguu na uso vinaweza kuvimba, tumbo linajaa, choo kinagoma, na mizani inapanda kilo kadhaa. Ni maji, na kwa kawaida yanapungua ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Wasichana wengi hurudia dawa katika wiki hizo za kwanza. Mweleze mapema, na ikiwezekana mizani ihame nyumbani. Aliyekuwa akimeza vidonge vingi kwa muda mrefu aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari, ambaye anaweza kumpa laktulosi au makrogoli kwa muda. Naam, dawa ileile ya mdogo wake.

Hospitali wataangalia potasiamu na chumvi nyingine za damu, figo, na mapigo ya moyo kwa kipimo cha umeme wa moyo. Akizimia, akihisi moyo unaruka, akikosa nguvu za kuinuka au akichanganyikiwa, peleka idara ya dharura bila kusubiri asubuhi. Mwili ukitulia, kazi kubwa inayobaki ni ya akili: mazungumzo ya wiki kwa wiki na mtaalamu, na familia ikishiriki, hasa kwa walio bado nyumbani. Idara za afya ya akili zipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na hospitali ya Mirembe Dodoma, na hospitali ya wilaya inaweza kuandika rufaa. Mtoto anayetaka kuzungumza na mtu asiyemjua anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto.

Siku ya kwenda, beba maboksi yote uliyoyapata, hata yale matupu na yale ya chai yasiyo na maandishi. Mwambie daktari idadi ya vidonge kwa siku kama binti amekutajia, na umwombe daktari azungumze naye peke yake kwa dakika kumi wewe ukisubiri nje kwenye benchi. Idadi atakayoitaja humo ndani mara nyingi ni kubwa kuliko ile aliyokuambia wewe.